Bunduki Mpya Sita Zilizogoma Kiangazi: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Kanda ya Kati

Majina ya watu, jina la kikosi, muuzaji na muundo kamili wa bunduki hizi yameachwa. Vilivyobaki ni hatua zilizofuatwa na sababu zake. Ninaandika nikiwa fundi wa silaha niliyeitwa mambo yakiwa yameshavurugika, na ninawaandikia watunza ghala, wakufunzi na viongozi wa doria ambao siku moja watafungua sanduku la bunduki mpya na kukuta hazifanyi kazi.

Usuli

Kikosi hiki kinalinda eneo la uhifadhi upande wa magharibi wa kanda ya kati ya Tanzania, kule ambako vichaka vya Itigi vinapakana na miyombo. Kwa miaka mingi askari wake walibeba bunduki za ukoo wa Kalashnikov zenye risasi za 7.62×39 (upana wa kichwa cha risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita). Wengi walifundishwa ujana wao kwa silaha hiyo na wanaijua gizani kwa vidole.

Kisha zikaja bunduki sita mpya za nusu otomatiki zinazotumia risasi ya 5.56×45, pamoja na magazini kumi na nane, yaani vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki. Zinaendeshwa kwa gesi na pistoni fupi, na mbele kwenye silinda ya gesi kuna regulata, kidhibiti cha kiasi cha gesi inayoipiga pistoni, yenye nafasi mbili: ya kawaida, na nyingine yenye kitundu kikubwa kwa hali ngumu. Zilitolewa kwenye sanduku zikiwa zimepakwa girisi nzito ya kuhifadhia, ile ya rangi ya kahawia ambayo kiwanda huipaka ili chuma kisishike kutu melini na ghalani.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Aliyewahi kuishi Dodoma au Singida mwezi wa Agosti anaujua upepo wake, na anajua vumbi lile jekundu lisiloonekana hewani lakini ukifika jioni limejaa hata ndani ya saa ya mkono. Mpango wa kikosi ulikuwa asubuhi moja ya shabaha, kila bunduki risasi sitini, kisha bunduki ziingie doria.

Jinsi bunduki hizi zinavyojiendesha

Asiyeujua mzunguko huu hataelewa kwa nini kosa dogo lilizaa makosa makubwa.

Askari akivuta triga, pini hupiga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi), baruti huwaka, kichwa cha risasi kinasukumwa mtutuni. Kabla hakijatoka, sehemu ndogo ya gesi hupenya kwenye kitundu kilicho ubavuni mwa mtutu, inapiga pistoni, pistoni inapiga boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kurudi nyuma. Boliti inajifungua, ndoano yake inalivuta ganda kutoka kwenye chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), ganda linarushwa nje kupitia dirishani, nyundo inakokiwa, springi kuu inabanwa. Springi ikirudi mbele, boliti inachukua risasi nyingine kutoka magazini, inaisukuma chemba na kujifunga. Magazini ikiisha, kibao cha ndani yake kinakiinua kizuio cha boliti na boliti inabaki nyuma.

Yote hayo yanategemea nguvu iliyopimwa. Boliti ikirudi nusu njia, haifiki nyuma ya risasi inayofuata, kwa hiyo inafunga chemba tupu au inaikamata risasi katikati ya ubavu. Ikirudi kwa kasi kupita kiasi, inalivuta ganda wakati bado limebanwa na shinikizo, na ndoano inateleza au inachana ukingo wa ganda.

Yaliyotokea

*Asubuhi ya kwanza.* Bunduki zilifutwa kwa kitambaa nje, mtutu ukapitishwa fimbo, basi. Hakuna iliyofunguliwa. Ndani ya magazini za mwanzo, zote sita zilikwama. Maganda yalikuwa yanadondoka karibu na kisigino cha mpigaji, mengine yakasimama wima dirishani yakiwa yamebanwa na boliti. Magazini zikiisha, boliti zilikuwa zinafunga badala ya kubaki nyuma, na askari wakawa wanavuta triga juu ya chemba tupu. Magazini chache zilikuwa na ugonjwa wao: risasi ya juu kabisa ilikuwa inainamisha pua na kugonga ukingo wa chini wa chemba.

Jingine lilitokea kwa askari mmoja tu. Yeye alikoki kwa kuusindikiza mkono wa kukokia mbele taratibu, kama alivyozoea porini ili chuma kisipige kelele. Boliti haikujifunga sawasawa, akavuta triga, kimya. Papo hapo ikasemwa kwamba hata pini ya bunduki ile ni mbovu.

*Siku iliyofuata.* Msaidizi wa kiongozi, mtu mwenye uzoefu mrefu na nia njema kabisa, alifanya anachojua. Alimimina oili ya injini ndani ya bunduki zote kwa wingi, akageuza regulata zote kwenye nafasi ya kitundu kikubwa, na akabadilisha risasi: jana walitumia za kibiashara za .223, ndugu wa kiraia wa 5.56, zenye kichwa cha gramu 3.6, leo wakatumia za 5.56 zenye kichwa cha gramu 4. Mambo matatu kwa mpigo.

Mwanzoni ilionekana kama dawa. Bunduki zilipiga magazini nzima. Askari mmoja akasema, "Afande, si unaona? Zilikuwa na kiu tu." Kabla ya saa sita mchana hali ikawa mbaya kuliko jana. Maganda sasa yalikuwa yanaruka mbele na mbali, na bunduki mbili zikaanza kuacha ganda ndani ya chemba. Boliti ilirudi mikono mitupu, ikachukua risasi mpya na kuisukuma juu ya ganda lililonasa. Moja ilibidi itolewe ganda kwa fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Upepo ulipozidi, oili ile ikawa tope.

Hapo ndipo msaidizi alipopendekeza bunduki zirudishwe kwa muuzaji zote, na askari wakaanza kuziita feki.

Uamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao naona ndio uliookoa kila kitu, ulikuwa wa kiongozi wa kikosi mwenyewe. Aliagiza bunduki mpya zisiende doria hata moja mpaka zithibitishwe, na askari waendelee na zile za zamani. Alishinikizwa sana, maana taarifa ya kupokelewa kwa silaha mpya ilikuwa imeshakwenda juu. Akasema kijana wake hatakutana na jangili au nyati akiwa na bunduki ambayo yeye mwenyewe haiamini. Kuna viongozi wangeona aibu kusema hivyo.

Nilipofika niliomba vitu vyote virudi vilivyokuwa: regulata nafasi ya kawaida, oili itoke, risasi zitengwe kwa maboksi. Huwezi kutafuta chanzo wakati mambo matatu yamebadilika pamoja. Ukibadilisha kimoja na hali ikabadilika, umejua kitu. Ukibadilisha vitatu, umepata bahati au balaa, na hujui imetoka wapi.

Kabla ya risasi yoyote tulikubaliana kanuni za uwanjani. Bunduki ikikwama, mdomo unabaki kwenye shabaha na kidole kinatoka kwenye triga. Kama ulivuta triga na risasi haikulia, hesabu hadi 30 kabla ya kugusa kitu. Magazini inatoka kwanza, ndipo boliti inavutwa. Ukivuta boliti magazini ikiwa ndani unaongeza risasi nyingine juu ya tatizo. Kisha chemba inaangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Na mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, hakuna kupiga tena hadi mtutu utazamwe, kwa sababu kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki njiani, na risasi ya pili nyuma yake hupasua mtutu. Bunduki isiyo na nguvu ya kurudisha boliti inaweza kuwa na kitundu kilichoziba, na inaweza pia kuwa na risasi yenye baruti pungufu. Kwa masikio ya mtu mwenye haraka, hayo mawili yanafanana.

Tulianza na usafi. Bunduki zilifunguliwa moja moja, sehemu zake zikioshwa kwa mafuta ya taa kwenye beseni, nje, mbali na moto, kisha zikifutwa zikauka. Kwenye silinda ya gesi tulikuta girisi iliyopikwa na joto la risasi za siku ile ya kwanza, imekuwa kama lami, na pistoni ilikuwa inasukumwa kwa kidole gumba kwa shida. Pistoni safi inatakiwa iteleze yenyewe ukiinamisha bunduki. Kwenye chemba, brashi ya shaba ilitoka na pete ya uchafu wa kahawia. Chini ya ndoano za kuvutia maganda kulikuwa na girisi iliyochanganyika na vipande vidogo vya shaba.

Baada ya kuosha, oili ilirudi kwa kiasi: utando mwembamba kwenye reli za boliti na sehemu zinazosuguana, na hakuna hata tone ndani ya chemba wala kwenye silinda ya gesi. Chemba yenye oili hairuhusu ganda kushika kuta zake wakati wa mlipuko, na mzigo unaohamia kwenye boliti unaongezeka.

Kila magazini ilipewa namba kwa rangi. Daftari likafunguliwa: namba ya bunduki, namba ya magazini, boksi la risasi, ilikuwa risasi ya ngapi ilipokwama, ganda liliangukia wapi, na boliti ilisimama wapi. Safu hiyo ya mwisho askari waliipinga mwanzoni. Wamezoea kwamba ikikwama unavuta haraka, unaendelea. Porini ni sawa. Kwenye majaribio, ukivuta kabla ya kutazama umefuta ushahidi.

Majaribio na matokeo

Jaribio la kwanza ni rahisi, na ningependa kila mtunza ghala alijue. Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, tazama kama boliti imebaki nyuma. Imebaki? Nguvu ya kurudi inatosha. Imefunga? Rudi mezani, vuta boliti kwa mkono ukiwa na magazini ileile tupu. Kama kwa mkono inabaki nyuma na kwa risasi haibaki, kizuio na magazini ni vizima. Kinachopungua ni nguvu. Kama hata kwa mkono haibaki, tazama magazini na kizuio kwanza, gesi uiache.

Bunduki nne kati ya sita zilifaulu mara moja, kwa regulata ya kawaida na kwa risasi za aina zote mbili. Za .223 zilirusha maganda karibu kidogo kuliko za 5.56, lakini boliti ilibaki nyuma kila mara. Risasi zile zilizotupiwa lawama siku ya kwanza zikawa zimesafishika.

Bunduki ya tano ilifeli jaribio hilo. Iliendelea kuangusha maganda kisiginoni. Tulipoitazama regulata yake kwa tochi, alama yake haikuwa imekaa kwenye nafasi yoyote kati ya mbili. Ilikuwa imesimama katikati, na kitundu cha gesi kikawa kimefunikwa nusu. Mikwaruzo ya koleo ilionekana wazi pembeni mwa chuma. Ilirudishwa mahali pake hadi ikabofya, na bunduki ikafanya kazi.

Ya sita ilikuwa na nguvu ya kutosha lakini bado mara mojamoja iliacha ganda chemba. Tulisugua chemba yake tena, tukabadilisha magazini, tukabadilisha risasi. Ganda likaendelea kubaki. Tukahamisha boliti? Hapana. Boliti inafungwa na mtutu wake kwa vipimo maalumu vya kiwandani, na kuchanganya boliti za bunduki tofauti bila geji ya kupimia ni hatari. Tulilinganisha tu ukakamavu wa ndoano kwa kuisukuma kwa ncha ya mbao: ya bunduki hii ilikuwa inalegea waziwazi kuliko za wenzake. Springi yake ni dhaifu.

Magazini zilijisema zenyewe kupitia daftari. Mbili kati ya kumi na nane zilikuwa zinainamisha pua ya risasi, na zilipohamishiwa bunduki nyingine ugonjwa ulihama nazo. Vernia, kile kifaa cha kupimia upana, ilionyesha kwamba midomo ya magazini hizo, yaani kingo za juu zinazoshikilia risasi, imepanuka kidogo kuliko ya nyingine. Askari mmoja alikuwa ameshashika koleo tayari kuibana. Tulimzuia, kwa sababu mdomo uliobanwa kwa kukisia utafanya kazi leo na kugoma siku ya haja. Zikapigwa msalaba mwekundu na kutengwa.

Yule askari wa kusindikiza boliti alifundishwa upya: vuta hadi mwisho, achia, acha springi ifanye kazi yake. Pini ya bunduki yake haikuwa na kosa lolote.

Mwisho wa kazi, bunduki tano zilipiga risasi 120 kila moja bila kukwama, zikiwemo magazini zilizopigwa makusudi alasiri, upepo ukiwa umechachamaa.

Uchambuzi

Kilichowapotosha hawa si ujinga. Ni ujuzi wa silaha nyingine. Ganda la 7.62×39 ni pana chini na jembamba juu, kwa hiyo likisogezwa nyuma kidogo tu linaachana na kuta za chemba. Pistoni ya Kalashnikov ni ndefu, imeungana na boliti, ina uzito na ziada kubwa ya nguvu. Inasamehe. Ganda la 5.56 lina ubavu ulio karibu kunyooka, linasugua chemba kwa urefu zaidi linapotoka, kwa hiyo uchafu mdogo wa chemba au ndoano iliyolegea vinaonekana haraka. Askari aliyesafisha mtutu peke yake kwa miaka mingi na hakuwahi kuadhibiwa na bunduki yake, hakuwa na sababu ya kujua kwamba hii nyingine inadai chemba.

Jambo hili si geni duniani. Jeshi la Marekani lilipopeleka Vietnam bunduki ya M16, nayo ya risasi ya 5.56, katikati ya miaka ya 1960, askari walikuta maganda yakinasa chembani wakiwa katikati ya mapigano. Kamati ndogo ya Bunge lao iliyoongozwa na Richard Ichord ilitoa ripoti Oktoba 1967. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba aina ya baruti ilibadilishwa bila mfumo wa gesi kurekebishwa, kwamba chemba hazikuwa zimepakwa kromu, na kwamba askari walipewa silaha bila vifaa vya kutosha vya usafi, huku wengine wakiamini haihitaji kusafishwa. Baadaye chemba zikapakwa kromu, vifaa na mafunzo vikatolewa, na malalamiko yakapungua sana. Ukisoma historia hiyo ukiwa umesimama kwenye vumbi la Itigi, unajua si wewe wa kwanza kukutana na bunduki inayogoma.

Kosa lililogharimu zaidi katika kisa hiki lilikuwa kuifungua regulata. Nafasi ile ya pili ipo kwa ajili ya bunduki safi iliyochafuka njiani na haiwezi kusafishwa papo hapo. Hapa ilitumiwa kuificha girisi. Gesi ya ziada iliishinda nguvu pistoni iliyonata, kwa hiyo dalili ya kwanza ikatoweka, kila mtu akafurahi. Girisi ilipolainika kwa joto na oili, gesi ile sasa ilikuwa nyingi mno, boliti ikawa inarudi mapema na kwa kasi, na ndoano zilizojaa uchafu zikaanza kuteleza. Ugonjwa wa pili ulizaliwa na dawa ya wa kwanza, na ule wa tatu, regulata ya bunduki ya tano, uliletwa na koleo.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea ni daftari. Kabla yake kila askari alikuwa na hadithi yake: huyu risasi, yule springi, mwingine kiwanda. Kurasa chache zilitosha kuonyesha kwamba tatizo lililoonekana moja lilikuwa matano: girisi, regulata, springi ya ndoano, midomo ya magazini, na mkono wa mtu. Dalili zilichanganyika kwa sababu zilitokea kwa kufuatana ndani ya siku chache.

Bado naona upungufu mmoja kwenye jinsi tulivyomaliza. Risasi 120 katika siku ya kiangazi zinatuambia habari za vumbi. Za masika hazituambii. Desemba mvua zikianza na matope yakashika kila kitu, kikosi kinapaswa kurudia jaribio la risasi moja kwa kila bunduki, na nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari.

Hali ilivyo sasa

Bunduki ya sita na zile magazini mbili zilirudishwa kwa muuzaji zikiwa na nakala ya kurasa za daftari zinazozihusu. Hatukubadilisha springi wenyewe, kwa kuwa bunduki ilikuwa ndani ya dhamana na kikosi hakina kibali cha matengenezo makubwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haifanyi mchezo na nani anagusa nini. Muuzaji hakubishana. Alituma boliti iliyopimwa na kufungwa na fundi wake, na magazini mpya.

Tano zimeshaingia doria. Regulata zake zimewekwa alama ya rangi nyeupe kwenye nafasi ya kawaida, ili mtunza ghala akipokea bunduki jioni aone kwa jicho moja kama kuna mtu ameigeuza, na amuulize kwa nini.